Je, wajua kwa nini pwani ya Boston huunguza Aprili hii na kugandisha Aprili ijayo?

Tarehe 16 Aprili 2012, Wesley Korir wa Kenya alishinda Boston Marathon katika joto lililofika nyuzi 31 za Selsiasi. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba waandaaji walimruhusu aliyejiandikisha kuahirisha hadi mwaka uliofuata. Geoffrey Mutai, bingwa mtetezi, aliachia njiani.

Miaka 6 baadaye, tarehe ileile na barabara ileile, wakimbiaji walianza kwenye baridi ya nyuzi 3 hivi, mvua ikimwagika na upepo ukiwapiga usoni. Geoffrey Kirui alikuwa akiongoza, lakini baridi ikamlegeza miguu, akapitwa na Yuki Kawauchi wa Japani kilomita chache kabla ya utepe. Kawauchi alimaliza kwa saa 2:15:58. Upande wa wanawake, Desiree Linden wa Marekani alishinda kwa saa 2:39:54, na tangu 1978 hakuna mwanamke aliyeshinda pale kwa muda mrefu kuliko huo.

Sisi huku tumezoea kuwafuatilia wakimbiaji wetu kwenye mbio hizi kila Jumatatu ya tatu ya Aprili, na kila mwaka swali ni lilelile: safari hii hewa itakuwaje? Inawezekanaje tarehe moja, mahali pamoja, itofautiane kwa karibu nyuzi 28?

Aprili ni katikati ya majira ya kuchipua, yaani kile kipindi ambacho nchi za kaskazini hutoka kwenye baridi kali kuelekea kiangazi. Jua limekwisha kupanda juu, mchana umerefuka, na nchi kavu inapata moto haraka. Bahari haina haraka hiyo. Kupasha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja kunataka nishati karibu mara 5 ya ile inayotosha kilo moja ya mchanga mkavu. Isitoshe, mchanga hupata moto juu juu tu. Ukichimba kidogo kwa kidole cha mguu unakuta ubaridi. Mwanga wa jua huzama mita nyingi ndani ya maji, kisha mawimbi yanakoroga joto hilo na kulitawanya chini. Ndiyo maana katikati ya Aprili maji ya pale Boston huwa bado na nyuzi 6 au 7 tu, wakati miji ya bara, mwendo wa saa moja kwa gari, inaweza kuwa na nyuzi 20 na zaidi.

Kwa hiyo pwani ile inakaa kati ya majira mawili. Mgongoni kuna kiangazi kinachoanza, na mbele ya macho kuna maji ambayo bado yako kwenye majira ya baridi. Anayeamua siku iwe ya nani ni upepo.

Upepo ukitoka magharibi au kusini-magharibi, unaleta hewa iliyopashwa moto na bara zima. Hivyo ndivyo ilivyokuwa 2012. Upepo wa magharibi ndio pia uliomsukuma Mutai mgongoni mwaka 2011 alipokimbia kwa saa 2:03:02. Wakati ule hakuna binadamu aliyekuwa amemaliza marathoni kwa muda mfupi kuliko huo, ingawa haikuandikwa kama rekodi ya dunia kwa sababu njia ya Boston huanzia Hopkinton bara na kuishia mjini bila kurudi, tena huteremka kupita kiasi kinachoruhusiwa. Lakini upepo ukigeuka na kutoka mashariki, unakuwa umepita juu ya maji yale ya nyuzi 6, na mkimbiaji anayeelekea mashariki unamkuta usoni. Hiyo ndiyo 2018.

Tena upepo unaweza kugeuka hata siku yenyewe ikiwa tulivu kabisa. Asubuhi anga ni safi, watu wamevua makoti. Nchi kavu inapata moto, hewa iliyo juu yake inakuwa nyepesi na kupanda, na ile nzito ya baharini inaingia kujaza nafasi. Kwenye saa 5 au 6 mchana bendera zilizokuwa zimelala zinaanza kuchezacheza, kisha zinanyooka kuelekea bara. Aliyekaa ufukweni anahisi kama mtu amefungua mlango wa jokofu. Kilomita 20 ndani, hakuna anayejua kuna jambo limetokea. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo baridi, hupoa hadi unyevu wake ukageuka ukungu, na ukungu huo unaweza kuingia mjini mchana kweupe. Wakazi wa pwani ya mashariki ya Scotland wanaufahamu vizuri na wana jina lake, haar. Ni bahari nyingine, lakini sababu ni hiyohiyo.

Pwani ya Boston ina kisanga kingine kinachostahili kutajwa. Kwa kawaida hewa baridi hufika huko kutoka magharibi au kaskazini-magharibi. Majira ya kuchipua hutokea ikaja kwa kinyumenyume: hewa iliyokaa juu ya maji baridi ya Ghuba ya Maine inateleza kuelekea kusini-magharibi, chinichini, ikiambaa na pwani. Wataalamu wa huko huiita hewa ya mlango wa nyuma. Ikifika, kipimajoto kinaweza kuporomoka kwa nyuzi 10 ndani ya saa moja, hata kama utabiri wa asubuhi ulisema siku itakuwa ya joto.

Sasa juu ya yote hayo weka ule mto wa upepo mkali unaopita angani, kilomita 10 hivi juu yetu, mpakani mwa hewa baridi ya kaskazini na ya joto ya kusini. Aprili mpaka huo bado unapita jirani na Boston, nao huzaa mifumo ya mgandamizo mdogo wa hewa inayofuatana kama mabehewa. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, upepo huizunguka mifumo hiyo kinyume cha mwendo wa saa. Mfumo ukipita baharini, kusini mwa mji, mji unapata upepo wa kaskazini-mashariki na mvua ya baridi. Ukipita upande wa bara, mji unapata upepo wa kusini wenye joto. Njia ya mfumo ikisogea kilomita mia moja tu, siku nzima imebadilika.

Ndiyo maana naona si haki kumlaumu mtabiri anayetangaza wiki ya namna hiyo. Kilomita mia, siku 7 kabla, ni kitu kidogo mno. Aliyetuonyesha udogo huo alifanya kazi ng'ambo tu ya mto kutoka Boston, katika chuo cha MIT. Mwaka 1961 Edward Lorenz alikuwa na kompyuta iliyokuwa ikiendesha hali ya hewa ya kuigiza. Alitaka kurudia sehemu ya hesabu, akaingiza namba kutoka kwenye karatasi iliyochapwa: 0.506. Ndani ya kompyuta namba kamili ilikuwa 0.506127. Akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, hali ya hewa ya pili ilikuwa imeachana kabisa na ya kwanza. Tofauti ndogo kama ile ilikuwa imekua hadi ikameza kila kitu, na hakuna kituo, puto wala setilaiti inayoweza kupima anga yote bila kuacha tofauti kama hiyo.

Tangu 1992, kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, hakitegemei hesabu moja. Leo kinaendesha 51 kwa pamoja, kila moja ikianza na tofauti ndogo kidogo. Zote zikikubaliana kwamba Jumatatu upepo utatoka magharibi, mtabiri anasema kwa sauti. Zikigawanyika, 30 huku na 21 kule, anachoweza kutoa ni uwezekano. Kwa hiyo ukiangalia wiki ya pwani majira hayo, mimi ningekushauri uanze na mshale wa upepo kabla ya namba ya joto, na siku ya 6 na ya 7 uziangalie tena kila asubuhi. Mshale ukikaa upande mmoja siku 3 mfululizo, hapo unaweza kuanza kupanga nguo.

Hali hii hudumu wiki chache tu. Kufikia Julai maji ya Boston yanakaribia nyuzi 18, mto ule wa angani umehamia kaskazini kuelekea Kanada, na upepo wa baharini uliokuwa ukiwatetemesha watu Aprili unageuka kuwa ndio wanaoukimbilia ufukweni.