Je, mti mbichi ndio unaotoa upinde mzuri?

Wengi wanaoanza kuchonga pinde huamini kwamba mti mbichi ndio unaofaa, kwa kuwa hupinda bila kukatika. Imani hii inaeleweka: ukiukunja mbichi unakubali, ilhali mkavu unalia na kukutia hofu.

Lakini kazi ya upinde si kupinda tu, ni kurudi. Maji yaliyomo kwenye mti mbichi hulegeza nyuzi zake, na ukishavutwa mara kadhaa hubaki umejikunja. Unafungua ugwe, upinde bado umeinama vilevile. Nguvu ya kusukuma mshale imepungua, na kuukausha baadaye hakuirudishi. Ndiyo maana kwa kawaida mti huachwa hadi unyevu ufike asilimia 8 hadi 12 hivi.

Kuhakikisha hakuhitaji kifaa maalumu. Weka kipande ulichopasua kwenye mizani, andika uzito, rudia kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, kimekauka kadiri hewa ya hapo inavyoruhusu. Paka gundi au rangi kwenye ncha zote mbili mapema, maana huko ndiko maji hutoka haraka na nyufa huanzia.

Na upinde wa mti mkavu ukivunjika, je, si dalili kwamba mbichi ulifaa zaidi? Ni kweli, mti uliokaushwa kupita kiasi hukatika upesi. Hata hivyo, tazama kwanza mgongo wa upinde, yaani upande unaoelekea shabaha. Mara nyingi utakuta ufa umeanzia kwenye kifundo cha tawi, au pale kisu kilipokata nyuzi zilizopaswa kupita nzima toka ncha hadi ncha.