Skopu ya kutazamia ndege na shabaha: usinunue kwa namba ya zumu

Wadau, mimi ni fundi wa kamera na darubini hapa Mwanza, na mtu akija kutaka ushauri wa skopu (darubini ya jicho moja inayokaa kwenye stendi) swali lake la kwanza ni inavuta mara ngapi, kumbe hilo ndo lilitakiwa liwe la mwisho. Kazi kubwa inafanywa na kioo cha mbele, stendi, na hewa iliyopo kati yako na huyo ndege.

Skopu nyingi zinaandikwa 20-60x60 au 20-60x80. Namba za mwanzo ni uvutaji, mara 20 mpaka 60, na ya mwisho ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Hiyo ya mwisho ukiigawanya kwa uvutaji unapata upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni, kwa hiyo 60 kwa 20 ni mm 3, safi kabisa, maana mboni ya jicho mchana inakuwa mm 2 mpaka 3 hivi. Sasa ivute mpaka 60 uone, duara linabaki mm 1, picha inaingia giza na rangi zinafifia, na kama ni jioni uko kisiwani Rubondo unatafuta nzohe, yule swala wa majini, kwenye mafunjo basi utaona weusi mtupu wakati mnyama kasimama humo humo. Yenye kioo cha 80 inakupa mm 1.3, ni nafuu lakini sio sana.

Hesabu hiyo hiyo inawaumbua wanaouza vile vidarubini vya mkononi vilivyoandikwa 40x60. Kishike mbali na jicho, kielekeze kwenye anga jeupe, utaona kiduara cha mwanga kwenye lenzi ya nyuma, kipime kwa rula. Kama kioo cha mbele ni mm 40 na kiduara ni mm 4 basi hicho kinavuta mara 10, boksi liandikwe litakavyoandikwa. Karibu vyote vinavyofika mezani kwangu viko hapo hapo.

Halafu hewa, na hapa ndo Mwanza inatushika. Haya mawe yetu yakishapigwa jua yanachemsha hewa juu yake, ukisimama Capri Point saa saba mchana ukaielekeza skopu kisiwa cha Saanane kuangalia pimbi kwenye majabali utaona picha inachezacheza kama maji ya sufuria yanayokaribia kuchemka, na ukiongeza zumu unakuza huo mchezo tu. Hata kioo cha mamilioni hakikuokoi. Mchana shuka mpaka 25 au 30, na kama unataka kuona manyoya ya furukombe vizuri toka alfajiri, hewa ikiwa bado imetulia. Kwenye boti skopu iache kwenye begi kabisa, mawimbi hayakuruhusu, huko chukua bainokula za 8x42.

Watu wa shabaha mahitaji yao yanafanana ila sio sawa. (Silaha ni leseni na uwanja ulioruhusiwa, hilo halina mjadala.) Tundu la risasi ya .22 kwenye karatasi ni kama mm 5.6, na kwenye mita 50 duara la pointi kumi la mashindano lina upana wa mm 10.4, kwa hiyo mara 20 inatosha vizuri. Kwenye mita 100 nenda 30. Kuanzia mita 200, matundu yaliyoingia kwenye sehemu nyeusi yanakuwa magumu kweli na hapo ndo kioo cha 80 kinalipa. Na ule mchezo wa hewa ninaoulalamikia, mlenga shabaha anautumia: anarudisha fokasi karibu kidogo kuliko shabaha, anaona hewa inavyotiririka, anajua upepo unatoka upande gani kabla hajafyatua. Kama unapiga ukiwa umelala, tafuta skopu iliyopinda (lenzi ya jicho imeinuka kwa pembe) yenye pete ya kuzungushia, unageuza lenzi ya jicho ije upande wako bila kuinua kichwa. Iliyopinda ni nzuri pia mkiwa kikundi, mrefu anainama kidogo na mfupi anafikia. Iliyonyooka mimi nawapa madereva wa watalii, kumnasa mnyama haraka kutoka kwenye gari ni rahisi zaidi.

Dukani omba kutoka nayo nje. Angalia waya au antena dhidi ya anga, ukiona kingo zina zambarau au kijani nyingi kioo ni cha kawaida sana, zenye kioo cha ED (kioo maalumu kisichotawanya rangi sana) hiyo rangi inapungua mno. Unavaa miwani? Uliza nafasi ya jicho, yaani umbali kutoka lenzi ya nyuma ambao jicho bado linaona picha yote, isiwe chini ya mm 15. Kama ni ya mtumba mulika tochi kutokea mbele uchungulie ndani, nyuzinyuzi kama za buibui ni fangasi, na ikishakula kioo hata mimi siwezi kukirudisha.

Stendi usibane hela jamani! Igonge skopu kidogo ukiwa unatazama, picha ikiendelea kutetemeka muda mrefu hiyo stendi rudisha. Upepo wa ziwa ukianza ning'iniza begi katikati na usiinue nguzo ya kati.

Nyumbani usiifungie kwenye mfuko wake wa ngozi kabatini, unyevu wetu huu na giza ndo fangasi wanapopapenda. Hata skopu zilizojazwa gesi ya naitrojeni zinalindwa ndani tu, vioo vya nje bado viko hatarini. Chukua kontena la plastiki linalofunga vizuri, weka vipaketi vya silika, vikibadilika rangi vikaushe au weka vipya.