Kabla ya usaili, lirudie tangazo la kazi

Mimi ni afisa rasilimali watu hapa Tanga, upande wa maghala na usafirishaji, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa kwenye jopo la usaili. Tangu bandari ichimbwe hadi kina cha mita 13, meli zikaanza kuhudumiwa gatini badala ya kutia nanga mbali na kushushiwa mizigo kwa matishari, vijana wengi wanaonifuata wanataka kazi za mizigo. Wakishaitwa kwenye usaili, swali lao la kwanza ni lilelile: nivae nini? Vaa nguo safi iliyopigwa pasi na viatu vya kufunika. Hilo tumelimaliza.

Kinachostahili usiku wako mzima ni tangazo la kazi. Wengi wakishatuma maombi hawalitazami tena, ilhali huo ndio mtihani uliovuja kihalali. Maswali hatuyabuni asubuhi ya usaili. Tunachukua majukumu yaliyomo kwenye tangazo, tunayatungia maswali, tunagawa alama, na tunakubaliana mapema jibu la alama zote liwe na mambo gani. Kila msaili ana karatasi yake ya kujaza. Ukisema "mimi ni mchapakazi, mwaminifu, na ninajituma", kalamu hazisogei, maana hakuna kisanduku cha kujituma.

Chukua nafasi ya mtunza stoo. Mstari mmoja wa tangazo unasema "kuhakikisha kumbukumbu za ghala zinalingana na mzigo uliopo". Swali lake ni hili, na wanajopo wenzangu mtanisamehe: leja inaonyesha mifuko 400 ya saruji, wewe umehesabu ukapata 392, utafanya nini? Wengi hukimbilia "nitamjulisha bosi". Si vibaya, ila alama zake ni chache. Wapo wanaosema watairekebisha leja isomeke 392, na hapo mwenyekiti huwa anavua miwani. Anayeijua kazi huanza kwa kuhesabu upya akiwa na mtu wa pili, kwa kuwa safu za nyuma hudanganya macho. Anatafuta hati za kutolea mzigo zilizosainiwa ambazo hazijaingizwa kwenye leja. Anauliza mifuko iliyochanika imewekwa wapi na nani aliiandika. Anaangalia makabidhiano ya zamu iliyopita. Ndipo anaandika taarifa yenye tarehe na saini za wote wawili, na leja haiguswi mpaka mwenye mamlaka aidhinishe. Mtu akinieleza hivyo, kisha akaongeza kwamba alipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo gari lilipakiwa jioni na hati ikabaki mfukoni kwa dereva, sina haja ya kumuuliza kama ni mwaminifu.

Basi fungua daftari, piga mstari katikati. Kushoto nakili majukumu yote ya tangazo. Kulia, mbele ya kila jukumu, andika tukio la kweli: ulikuta nini, ukafanya nini, kikatokea nini. Wewe, si "sisi". Hujawahi kuajiriwa? Umewahi kuuza dukani kwa shangazi pale Ngamiani, kushika fedha za kikoba, kusimamia jiko la harusi ya watu mia tatu. Yote hayo yanahesabika. Palipobaki patupu upande wa kulia, mtafute mtu anayeifanya kazi hiyo akueleze siku yake ilivyo. Halafu yaseme majibu kwa sauti mbele ya mtu asiyekuonea haya. Kusoma kimoyomoyo hakutoshi, siku hiyo ulimi ndio utakaosailiwa.

"Tueleze kuhusu wewe" ni dakika mbili tu: ulichosomea, ulichowahi kufanya, kilichokuvuta kwenye nafasi hii. Idadi ya ndugu zako tuachie. Wengi wameikariri kwa Kiingereza, ukimkatiza katikati anaanza upya kama kaseti. Usaili ukiwa wa Kiingereza, tumia chepesi ulichonacho. Ukikwama, omba kumalizia kwa Kiswahili. Na sisi watu wa Tanga, maneno tunayo, ila mezani pale yapunguzwe.

Ukiitwa na Sekretarieti ya Ajira, inayosaili waombaji wa kazi za serikali, tarajia kuanza na mchujo wa kuandika kabla ya mahojiano, na kwa baadhi ya kada usaili wa vitendo. Beba vyeti halisi na kitambulisho. Hati ya matokeo haikubaliwi badala ya cheti. Kagua majina mapema: cheti cha kuzaliwa kikisema Mwanahamisi na cha kidato cha nne kikisema Mwanakhamis, mtafute wakili akuandalie hati ya kuthibitisha jina (deed poll) wiki kadhaa kabla, si asubuhi ya usaili.

Swali la mshahara ndilo linalowaangusha hata waliojibu vizuri, kwa sababu wanataja tarakimu bila kujua itakayofika mkononi. Piga hesabu. Kwenye sekta binafsi, kwa mshahara wa msingi wa 600,000 bila posho, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 60,000. Zinabaki 540,000 za kutozwa kodi: 270,000 za mwanzo hazitozwi, 250,000 zinazofuata hutozwa asilimia 8, na 20,000 za juu asilimia 20. Kodi ni 24,000. Umebaki na 516,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, toa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 90,000, mkononi zikabaki 426,000. Ukishalinganisha na pango na nauli yako, taja kiwango cha chini na cha juu, na useme wazi kwamba ni kabla ya makato.

Akina dada bado wanaulizwa kama wana mpango wa kuolewa au kuzaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito au hali ya ndoa, na kinga hiyo inamhusu hata mwombaji wa kazi. Kwenye majopo ninayokaa, swali hilo huwa nalikatiza. Ukikutana nalo kwingine, huna sababu ya kugombana: jibu kwa upole kwamba zamu zilizotajwa kwenye tangazo unazimudu, kisha nyamaza wakuulize lingine.