Ukitaka nyoka wasiingie kwako, anza na panya

Mi kazi yangu ni nyoka. Naitwa sana vijijini huku Tabora, Sikonge, Urambo, Kaliua, mara nyingi usiku, "njoo kuna nyoka ndani", na nikifika, nikishahakikisha watu wote wametoka nje, kitu cha kwanza nauliza mahindi yenu mnaweka wapi. Nikikuta magunia yamelazwa chini chumba hichohicho wanacholala watoto, kazi yangu nusu imeisha, nimeshajua nyoka alikuja kufanya nini.

Nyoka hana shida na wewe jamani. Hawezi kukumeza, sumu yake anaitunza kwa ajili ya chakula, na chakula chake ni panya, vyura, vifaranga, mayai. Sasa sisi tukishavuna tunaingiza mahindi na karanga ndani, panya wanafuata mahindi, swila, yule nyoka anayetema sumu, anafuata panya, anapita pembeni ya ukuta gizani, kwenye mkeka kuna mtoto kalala, mtoto anageuka mkono unamwangukia nyoka, anang'atwa bila hata kuamka vizuri. Swila ana hiyo tabia ya kuingia ndani usiku na watu wengi wanaong'atwa naye wamelala. Kwahiyo nafaka ikae kwenye kihenge nje, kiinuliwe juu, na paka afugwe. Mtu asilale chini kama kitanda kinapatikana, na chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro kila upande, hicho chandarua cha malaria kinazuia na nyoka pia, nakisisitiza sana hiki maana wengi tayari wanacho.

Oili chafu na mafuta ya taa mnayomwaga kuzunguka nyumba, acheni. Nyoka anapita tu. Hiyo hela nunua tochi.

Nasema tochi kwa sababu ya kifutu, na huyu ndo namuogopea wakulima wetu wa tumbaku kuliko nyoka yeyote. Ni mnene, mfupi, rangi ya udongo na majani makavu, mgongoni ana alama kama V zimefuatana mpaka mkiani, akijilaza chini ya miti ya miombo unaweza kumtazama kabisa na usimwone. Koboko akisikia hatua zako mara nyingi anaondoka. Kifutu haondoki, anatulia palepale maana kujificha ndo kinga yake, na kuna wengine hata ile sauti yake ya kufoka hawaitoi mpaka umeshamkanyaga. Sasa fikiria msimu wa kukausha tumbaku, moto wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku, haulali, mtu anatoka usiku wa manane kuongeza kuni, miguuni ndala, simu ameiacha ndani inachaji, na lile rundo la kuni lina panya na lina joto. Vaa buti. Mulika kabla hujaweka mguu, na kuni zivute kwa fimbo kwanza, usiingize mkono mahali ambapo macho hayajafika. Hizo kuni zikae mbali na ukuta wa nyumba, na majani kuzunguka nyumba yafyekwe.

Akishang'ata, hapa ndo tunapoteza watu na miguu yao. Sumu ya kifutu inaharibu nyama, mguu unavimba, malengelenge yanatoka, nyama inaoza, afu sisi tunakuja kufunga kamba kwa nguvu tunakata na damu iliyobaki, tunachanja na wembe, tunabandika jiwe jeusi. Hilo jiwe halinyonyi sumu. Limepata sifa kwa sababu nyoka wengi hawana sumu ya kudhuru mtu, na hata mwenye sumu kuna wakati anang'ata bila kuitoa, mgonjwa anapona mwenyewe na jiwe linasifiwa. Wazee wa Buyeye, kile chama cha jadi cha wacheza nyoka, nawaheshimu kweli, tabia za nyoka wanazijua, ila koboko akishakung'ata kope zinaanza kulegea, kumeza kunakuwa shida, mwisho pumzi inakata, na hapo kinachotakiwa ni hospitali yenye sindano ya kuzuia sumu ya nyoka na vifaa vya kumsaidia mtu kupumua.

Kwahiyo mgonjwa atulie, asikimbie. Mvue pete, bangili na viatu mapema kabla hajavimba, kiungo kilichong'atwa kisitikisike, mpakie bodaboda katikati, dereva mbele na mtu wa kumshika nyuma, muondoke. Msipoteze muda kumtafuta nyoka mumuue, mtaongeza mgonjwa wa pili. Swila akikutemea machoni osha kwa maji mengi safi, mda mrefu, usifikiche, usiweke dawa za majani, afu nenda ukaangaliwe jicho.

Na sindano hiyo usichomwe nyumbani hata ukiipata, inapitishwa kwenye mshipa na inaweza kuleta mzio mkali, lazima pawe na mtaalamu wa kuushughulikia. Wala haipo kila zahanati. Kwahiyo nawaomba wenyeviti wa vitongoji, kabla mvua za Novemba hazijaanza, ulizeni kituo chenu cha afya kama ipo, na kama haipo muulize iliyo karibu ipo wapi, afu namba ya bodaboda anayekubali kutoka usiku iandikwe ukutani ofisi ya kijiji kila mtu aione.