Kipande cha reli kimekosekana? Dhana zinazowakwamisha wajenzi wa treni za mfano Malindi

Wapenzi wa treni za mfano huku Malindi hutegemea jamaa walio ng'ambo na masanduku ya mitumba. Pointi moja ikikosekana, yaani pale njia inapogawanyika, meza nzima hulala miezi. Nyingi ya meza hizo zimekwamishwa na maneno ambayo watu huyarudia bila kupima.

"Reli ya HO ni HO, nunua yoyote." HO ni kipimo cha mfano, 1 kwa 87 ya treni halisi. Hili ndilo linalopoteza pesa nyingi zaidi. Upana wa milimita 16.5 kati ya pau ni sawa kwa HO na kwa OO ya Kiingereza, lakini kimo cha pau hakilingani. Kimo hicho hutajwa kwa namba iitwayo kodi: kodi 100 ina milimita 2.54, kodi 83 kama 2.1, kodi 75 kama 1.9. Ukiunga 100 na 75 bila kiungio chao maalumu, gurudumu hugonga kidato na behewa huanguka. Mapindo nayo yana vipimo vyake. Pindo la pili la Setrack, reli za kampuni ya Peco, lina nusu kipenyo cha milimita 438, ilhali pindo la kwanza la kampuni ya Märklin lina 360. Tena kwenye reli za C za Märklin pau mbili zimeungana kwa umeme, kwa hiyo ukiziunganisha na umeme wa mfumo wa kawaida wa pau mbili unapata shoti. Kabla ya kuagiza, peleka kipande ulicho nacho kwa sonara. Ana kipimo kinachosoma sehemu za milimita.

"Kikishaacha kutengenezwa, basi tena." Kwa vipande vilivyonyooka na mapindo, si kweli kabisa. Reli ya kupindika huuzwa kwa urefu wa milimita 914, na kwa msumeno mwembamba unakata kipande cha urefu wowote, hata kile ambacho kiwanda hakikuwahi kukitoa. Wenye reli za HO za Profi, za kampuni ya Fleischmann, vipande vyao vikikosekana wanaweza kuendelea hivyo bila kuvunja walichojenga, mradi wainue kitako kilingane na kokoto zao za plastiki.

Pointi na makutano ndiyo magumu kwelikweli, na hapo naheshimu wanaosubiri mitumba. Lakini pointi hujengwa kwa mkono pia: mataruma hukatwa kutoka kwenye ubao wa saketi wenye ngozi ya shaba, kisha pau hulehemiwa juu yake. Lazima ukwangue mstari kwenye shaba ya kila taruma ili pau mbili zisigusane kwa umeme. Fundi redio mzuri ataielewa kazi hii haraka, ukimpa mchoro wa ukubwa halisi.

"Reli kuukuu zote ni sawa, zisafishe tu kwa msasa." Msasa huacha mikwaruzo inayoshika uchafu, tumia spiriti na kitambaa. Nenda sokoni na sumaku. Ikiivuta pau, hiyo ni chuma, na kwa upepo huu wa chumvi itapata kutu. Shaba ya manjano haivutwi, lakini ikichujuka hupitisha umeme vibaya na itakutaka uisafishe kila mara. Nikeli silva, mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ndiyo ya kulipia.

"Reli ya Kenya haina kipimo cha mfano." Ipo, tena vijana wengi wanaitaka. Njia ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ina upana wa milimita 1000. Ukigawa kwa 87 unapata kama 11.5, kwa hiyo tafuta reli ya HOm, yaani HO ya njia za upana wa mita moja, yenye milimita 12, ambayo Peco na Bemo wameitengeneza. Reli ya TT, kipimo kidogo kuliko HO, nayo ina milimita 12, ila mataruma yake ni madogo na yamebanana, na jicho huliona hilo mara moja. SGR iliyofunguliwa 2017 ina milimita 1435. Hiyo ndiyo inayokaa sawasawa kwenye HO ya kawaida.