"Mafuta Hayo Nani Analipa?"

Asubuhi moja ya masika pale kiwanja cha ndege cha Kisongo, Arusha, Mlima Meru ulikuwa umefunikwa wote. Rubani kijana aliyeondoka na watalii kwenda Seronera, Serengeti, alirudi nao baada ya dakika 40. Mvua ilikuwa imefunga njia. Kabla hajavua hedseti, simu ikaita. Bosi. Swali la kwanza: "Mafuta hayo nani analipa?"

Hakukatwa mshahara wala hakupewa barua. Ila wenzake wanne waliokuwa wakinywa chai pembeni walisikia. Mimi ni mkufunzi wa usalama wa ndege, na naamini walichojifunza dakika ile kilizidi somo langu la siku tatu. Kitabu cha kampuni kilisema wazi kwamba rubani ana haki ya kugeuza ndege. Nani alikikumbuka? Sanduku la ripoti za usalama likakaa miezi bila karatasi hata moja, na wakubwa wakafurahi wakidhani hakuna matatizo.

Sisi tuna ugumu wetu wa ziada. Rubani msaidizi aliyemwamkia kapteni shikamoo alfajiri, saa mbili baadaye atamwambiaje kwamba anakosea? Lakini tusijione tuko peke yetu. Kisiwani Tenerife, Hispania, Machi 1977, kwenye ukungu, injinia wa ndege ya KLM ya Uholanzi aliuliza kama ile ya Pan Am ya Marekani imeshatoka kwenye njia ya kurukia. Kapteni, mtu mwenye jina kubwa kazini, akajibu kwa uhakika kwamba imetoka, akaendelea kukimbiza ndege. Injinia hakurudia. Ndege hizo mbili zikagongana, wakafa watu 583.

Kwa hiyo vijana nawafundisha kuanza na namba. "Kapteni, kasi 85." Hapo hujabishana na mkubwa, umesoma saa ya kasi iliyo mbele yenu wote. Asipojibu, rudia. Akinyamaza tena, sema "tuzunguke upya", yaani tuache kutua, na heshima mtaimalizia chini.

Haya yote hayashiki kama ofisini hayaungwi mkono. Kwenye kampuni nyingine ninayoifundisha, meneja, naye rubani, alibandika ukutani ripoti yake mwenyewe: alitaka kuondoka bila kuvua kifuniko cha pitoti, kibomba cha kupimia kasi, kile kifuniko chenye utepe mwekundu, hadi mpakia mizigo alipompigia kelele. Watu walicheka sana. Wiki iliyofuata sandukuni mlikuwa na ripoti tatu, na mojawapo, iliyohusu pundamilia kwenye kiwanja cha vumbi, iliandikwa na yule mpakia mizigo.