Njia, gari, siku: kukunja mistari ya Excel kwa ngazi

Hesabu za sacco ya matatu huja zikiwa na matabaka tayari: sacco ina njia, njia ina magari, gari lina siku. Chukua sacco ya Nairobi yenye magari 12: manne ya njia ya 125 kwenda Rongai, manne ya 111 kwenda Ngong, manne ya 58 kwenda Buruburu. Mwezi wa Juni pekee unakupa mistari 360. Mwenyekiti anataka jumla ya kila njia na jumla kuu. Mwenye gari anataka gari lake. Mweka hazina anatafuta ile siku ambayo gari halikuleta hesabu.

Lahakazi moja inayokunjwa, yaani yenye mistari iliyofungwa kwa makundi yanayofunguliwa kwa kitufe cha kujumlisha (+), inawatosha wote watatu, mradi jambo moja lieleweke kabla ya kugusa kitufe chochote: mkunjo hushika nambari za mistari. Excel haijui kwamba mstari wa 2 hadi wa 31 ni gari moja. Inajua tu kwamba umeiambia iikunje mistari hiyo pamoja. Karibu kila kasoro nitakayoitaja hapa inatoka hapo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupanga. Safu A iwe njia, B gari, C tarehe, D hesabu iliyoletwa. Panga kwa njia, kisha gari, kisha tarehe, na uandike jina la njia na nambari ya gari katika kila mstari, hata kama yanajirudia mara thelathini. Ukipanga upya baada ya kukunja, data itahama lakini mikunjo itabaki palepale ilipokuwa, na utakuta siku za gari la Ngong zimefungwa chini ya jumla ya gari la Rongai.

Kisha weka mistari ya jumla. Vichwa viko mstari wa 1. Gari la kwanza linachukua mstari wa 2 hadi 31, jumla yake inakaa 32. La pili 33 hadi 62, jumla 63. La tatu jumla yake ni 94, la nne 125, na jumla ya njia nzima inakaa 126. Njia ya pili inafungwa mstari wa 251, ya tatu 376, na jumla kuu ni 377.

Fomula za jumla ndizo zinazoangusha watu wengi. Tumia SUBTOTAL badala ya SUM:

D32: =SUBTOTAL(9,D2:D31)
D126: =SUBTOTAL(9,D2:D125)
D377: =SUBTOTAL(9,D2:D376)

SUBTOTAL huruka kila SUBTOTAL nyingine iliyo ndani ya eneo lake. SUM hairuki kitu. Tuseme kila gari linaleta shilingi 5,000 kwa siku. Jumla ya kweli ya mwezi ni 1,800,000. Ukiweka SUM katika maeneo hayohayo, kila njia itaonyesha 1,200,000 badala ya 600,000, maana imehesabu siku na jumla za magari kwa pamoja. Jumla kuu itaonyesha 7,200,000, mara nne ya fedha zilizopo. Kosa linajizidisha maradufu katika kila ngazi, na kwa kuwa mistari imekunjwa hakuna anayeliona.

Angalia pia ile 9, inayoiambia SUBTOTAL ijumlishe. Kuna anayeandika 109 akidhani ni toleo jipya la kazi ileile. Zote mbili huacha mistari iliyoondolewa na kichujio, ila 109 huacha pia mistari iliyofichwa kwa mkono, na kukunja ni kuficha. Ukiikunja lahakazi yenye 109, jumla za magari zinageuka sifuri. Katika lahakazi ya kukunjwa, andika 9.

Sasa mikunjo yenyewe. Bonyeza nambari za mistari pembeni kushoto, kuanzia 2 hadi 31, ili mistari mizima iteuliwe. Ukiteua seli chache tu, Excel itakuuliza kama unakunja mistari au safu. Bonyeza Shift+Alt+mshale wa kulia, au nenda Data kisha Group. Rudia kwa magari yote 12. Halafu teua 2 hadi 125 ukunje kwa ajili ya njia, vivyo hivyo 127 hadi 250 na 252 hadi 375. Mwisho teua 2 hadi 376. Hiyo ni mikunjo 16. Uanze ndani au nje, matokeo ni yaleyale. Ukikosea, Shift+Alt+mshale wa kushoto hupunguza ngazi moja.

Juu kushoto vitatokea vitufe vya 1 hadi 4. Cha 1 kinabakiza jumla kuu, cha 2 kinaongeza njia (mistari 5 pamoja na vichwa), cha 3 kinaonyesha magari (mistari 17), cha 4 kinakunjua kila kitu. Excel inakubali ngazi 8, ila sijaona hesabu inayosomeka vizuri ikipita 4. Vitufe vikipotea, Ctrl+8 huvirudisha.

Usifute mstari wa jumla kati ya magari mawili. Mstari wa 32 ukiondoka, mikunjo miwili ya ngazi moja inagusana na kuwa mmoja wa siku 60. Wanaopenda jumla zikae juu ya siku zake wanaweza: fungua kishale kidogo kwenye kona ya sehemu ya Outline, chini ya Data, uondoe alama ya "Summary rows below detail". Kama hukuiondoa, kitufe cha kujumlisha kitakaa kwenye mstari wa gari la chini, na msomaji atafungua gari lisilo lake. Na Julai ikileta siku ya 31, ingiza mstari mpya ndani ya kundi, juu ya siku ya mwisho, ndipo fomula ijinyooshe yenyewe.

Ipo njia fupi. Data iliyopangwa tu, bila mistari ya jumla, inaweza kupewa amri ya Subtotal iliyo chini ya Data: mara ya kwanza kwa njia, mara ya pili kwa gari, na mara ya pili uondoe alama ya "Replace current subtotals", la sivyo ya kwanza inafutwa. Excel itaandika jumla na kukunja yenyewe. Amri hiyo ikiwa imefifia, data yako imo katika Table. Igeuze kwanza kwa "Convert to Range".

Lahakazi iliyofungwa kwa nywila haikunjuki. Dawa ni makro fupi (amri zinazoendeshwa na Excel yenyewe) inayoruhusu mikunjo kila faili linapofunguliwa, kwa sababu mpangilio huu haubaki ukilifunga faili:

ActiveSheet.EnableOutlining = True
ActiveSheet.Protect Password:="xxxx", UserInterfaceOnly:=True

Iweke kwenye Workbook_Open, sehemu ya amri zinazoendeshwa faili linapofunguliwa, na uhifadhi faili kama .xlsm. Kuhusu Clear Outline, amri ya kuondoa mikunjo, hifadhi nakala kwanza: Ctrl+Z haiirudishi. Ikifanywa wakati mistari imekunjwa, inaweza kubaki imefichwa bila kitufe cha kuifungua. Teua eneo lote kisha Ctrl+Shift+9. Grafu nayo haichori mistari iliyofichwa mpaka uiruhusu katika "Hidden and Empty Cells".

Kwenye LibreOffice Calc ni F12 kukunja na Ctrl+F12 kuondoa. Google Sheets inatumia Alt+Shift+mshale wa kulia, ila haina vitufe vya ngazi wala amri ya Subtotal.

Sasa kutuma, ambako nasisitiza zaidi. Ukikunja hadi ngazi ya 2 na kunakili eneo lote, unaponakili unabeba mistari yote 377. Bonyeza kwanza Alt+; ili uteue seli zinazoonekana tu, kisha Ctrl+C. Na faili lililokunjwa halifichi siri: mwenye gari nambari 3 akibonyeza kujumlisha, anaona hesabu za gari nambari 4 siku kwa siku. Mistari iliyokunjwa haichapishwi, kwa hiyo kwa kila mwenye gari fungua gari lake pekee, kunja mengine, weka eneo la kuchapisha kwenye mistari yake, na umtumie PDF.